Kukopa Harusi, Kulipa Matanga
Namna familia inavyoweza kuamua ni kipi kilipiwe kwanza



Mwezi wa Mei mwaka jana mama mmoja alisimama katika mkutano wa kikundi chake, huku Ukambani, akaomba mkopo wa shilingi 100,000. Hakukuwa na mgonjwa nyumbani, wala mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo. Kijana wake alikuwa anaoa Agosti. Kikundi kilikuwa na shilingi 140,000, na pesa hiyo ilikuwa ya matangi ya maji, yale ya lita 5,000. Kila mwanachama anapata lake kwa zamu. Wanawake sita walikuwa bado hawajapata, nao walikuwa bado wanateremka mtoni na mitungi mgongoni.

Mweka hazina alinitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Nani atamnyima mama pesa ya harusi ya mtoto wake? Na nani atawaambia wale sita kwamba wangoje mwaka mwingine?

Basi tukafanya hesabu pamoja, kwa sauti. Kikundi hicho hutoza shilingi 10 kwa kila 100 kila mwezi, kama vikundi vingi vya kukopeshana vinavyofanya. Kwa hiyo shilingi 100,000 ni riba ya 10,000 kila mwezi kabla hata ya kugusa deni lenyewe. Mama huyu anategemea ndengu na maembe. Hapa kwetu mvua ya kuaminika ni ile ya Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo ndengu zake zinavunwa Januari. Kutoka Agosti hadi Januari ni miezi mitano: riba peke yake ni 50,000. Na Januari ndio mwezi wa karo ya muhula wa kwanza, ile iliyo kubwa kuliko zote. Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema, “Sasa nifanye nini? Bajeti ya kamati ni 460,000.”

Wazee walisema zamani kwamba kukopa ni harusi, kulipa ni matanga. Sisi tunakopa kwa ajili ya harusi yenyewe, kwa hiyo methali inatupata mara mbili.

Sisemi haya kama mtu aliyekaa pembeni. Mimi niliolewa 2007, na magari yetu yalikuwa manane. Mume wangu na mimi tulilipa deni la magari na video kwa miaka miwili, na mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kukiwa hakuna kitanda kizuri ndani ya nyumba. Ile sahani ya video bado tunayo kabatini. Imekwaruzika, haisomi. Na magari manane, nikiulizwa leo ni nani alipanda lipi, sijui.

Pesa kwanza, wageni baadaye

Kosa la kwanza hutokea kabla ya shilingi moja kutumika. Familia inaita kamati, siku hizi kamati inaanza kwenye WhatsApp, na kila mmoja anataja kitu. Mmoja anasema hema liwe la rangi mbili. Mwingine ameona mahali fulani keki ya ngazi tano. Katibu anaandika, anajumlisha, halafu kamati inaanza kutafuta watu wa kuchanga hiyo jumla. Hapo bajeti imekuwa orodha ya matamanio, na matamanio hayana mwisho.

Afadhali kabla ya kamati kuitwa, bwana na bibi harusi wakae na wazazi wa pande zote mbili waulizane swali moja tu: tuko na pesa ngapi mkononi leo? Katika familia hii wazazi walikuwa na 70,000 na kijana mwenyewe alikuwa ameweka 50,000. Jumla ni 120,000. Kulikuwa pia na mahindi na maharagwe ghalani, na mjomba alikuwa ameahidi fahali.

Halafu kulikuwa na ahadi za watu za shilingi 180,000. Hapa nawaomba msikilize vizuri. Ahadi si pesa. Mtu akisimama mbele ya watu, kuna makofi, kuna kuimbiwa, anasema “mimi elfu kumi,” na anamaanisha kwa moyo wake wote. Lakini kesho anaamka na mambo yake. Mimi huzihesabu ahadi kwa theluthi moja. Kama ni 180,000, naandika 60,000. Na ile ambayo haijaingia kwa simu au mkononi wiki tatu kabla ya harusi siihesabu kabisa. Ikija baadaye, ni baraka, itawasaidia maharusi kununua godoro. Kijana alipinga, akasema watu wake ni waaminifu. Nikamwambia tungoje tuone.

Mafungu matatu

Baada ya kujua pesa ilipo, vitu vyote vya ile orodha tuliviweka katika mafungu matatu. La kwanza: bila hiki hakuna ndoa. La pili: bila hiki wageni wataumia. La tatu: bila hiki macho ya watu yatalalamika.

Fungu la kwanza huwashangaza wengi kwa sababu ni dogo sana. Tulianza na kanisa. Kwa Wakatoliki kinachofanya ndoa ni wawili hao kukubaliana kwa hiari yao, mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Kabla ya hapo kuna mafundisho ya ndoa, cheti kipya cha ubatizo, na matangazo kanisani. Gauni jeupe si sharti. Keki si sharti. Hata pete, ingawa ni desturi nzuri na tunaipenda, ndoa haivunjiki kwa kukosa pete ya dhahabu. Na kama kuna mtu anaogopa sadaka ya kanisa, sheria ya Kanisa katika kanuni ya 848 inasema mhudumu asidai zaidi ya kile kilichopangwa, na maskini asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Nendeni mkaongee na paroko. Wengi wanaogopa bure.

Upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka watu wawe wametimiza miaka 18, wakubaliane kwa hiari, wawe na mashahidi wawili, na ndoa iandikishwe. Sheria hiyo inasema ndoa zote zilizoandikishwa zina hadhi sawa. Maana yake, cheti cha aliyelisha watu 1,000 na cheti cha aliyelisha watu 30 ni kimoja. Tangu 2017 hata ndoa za kimila zinaandikishwa na kupewa cheti.

Mila nazo zilijua tofauti kati ya kiini na maganda kabla yetu. Kwa Wakamba, ni mbuzi wa ntheo wanaofanya binti ahesabiwe ameolewa. Wagikuyu wana ngurario. Yale mengine ya mahari huja polepole, hata miaka mingi, na hakuna mzee wa maana anayetaka yaishe siku moja. Sheria ya 2014 nayo inasema penye mahari, kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Kwa hiyo kijana asiambiwe kwamba lazima amalize mahari yote ndipo aoe.

Kwa nini nakaa sana kwenye fungu hili? Kwa sababu nimeona gharama ya kulirukia. Kuna watu wengi katika jumuiya zetu wanaoishi pamoja miaka kumi, kumi na miwili, wana watoto wanne, na ukiwauliza mbona hamfungi ndoa wanajibu, “Hatuna pesa ya harusi.” Hawana pesa ya hema! Lile fungu la kwanza wangeliweza hata mwaka wa kwanza. Wakati huo hawapokei sakramenti. Na mume akifa, mjane anasimama mbele ya wakwe akiulizwa, “Wewe ni nani hapa? Cheti kiko wapi?” Nimekaa na mjane wa namna hiyo kwenye benchi la ofisi ya chifu, na hakuna kitu kigumu kama kumtazama mtu akitafuta mashahidi wa maisha yake mwenyewe. Msitegemee kwamba kukaa pamoja miaka mingi kutawaokoa. Januari 2023 Mahakama ya Juu Zaidi ya Kenya ilisema kwamba kuwahesabu watu kuwa mume na mke kwa sababu tu wameishi pamoja ni jambo la kutumiwa kwa nadra, penye ushahidi mzito.

Kwa watu kama hao kuna njia ambayo parokia nyingi zinaijua: jozi kadhaa zinafunga ndoa siku moja, katika Misa moja. Kwaya ni moja, hema ni moja, na kila familia inaleta sufuria zake. Kama mko wanne au watano katika kikundi, ongeeni na katekista.

Haya, fungu la pili. Mgeni akitoka mbali, anahitaji chakula, maji, kivuli, mahali pa kukaa, na choo safi. Choo husahauliwa na kila kamati niliyopata kuiona! Hapo nikaweka pia vyombo vya sauti, kwa sababu mzee aliyeketi nyuma asiposikia, amekuja kuangalia migongo ya watu. Yaliyobaki yote yaliingia fungu la tatu. Lakini msifikiri fungu la tatu ni la kutupwa. Ni la kuchagua.

Maharagwe kwenye ungo

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kila mtu ana kitu chake. Kwa hiyo tulitumia ile njia ambayo vikundi vingi vinaijua, ile tuliyotumia kuchagua kati ya matangi, mbuzi wa maziwa na mashine ya kusaga. Unalinganisha vitu viwili viwili.

Tuliweka vitu chini kivulini ili hata asiyesoma aone: mwiko ukawa chakula, leso ikawa nguo, gari la mtoto la waya likawa magari, picha ya zamani ikawa picha, ua likawa mapambo, mkate ukawa keki, na redio ikawa vyombo vya sauti. Vitu saba. Unachukua viwili, tuseme mwiko na leso, unauliza: kama pesa inatosha kimoja tu kifanywe vizuri, ni kipi? Watu wanajadiliana, wanaamua, na kile kilichoshinda kinawekewa haragwe moja. Halafu mwiko na gari. Halafu mwiko na picha. Vitu saba vinaleta mashindano 21, na kwa saa moja na nusu mmemaliza. Kuhesabu maharagwe si kazi. Yale maneno yanayosemwa kabla ya haragwe kuwekwa ndiyo yenye faida, kwa sababu kila mtu analazimika kueleza kwa nini.

Jambo moja muhimu: maharusi wenyewe waongee kwanza, kabla ya wazee. Mzee akishasema, kijana gani atapinga?

Mwiko ulishinda mara zote sita, na hakuna aliyeshangaa. Kilichotushangaza ni kile kilichofuata. Ilipofika leso na picha, mama wa bibi harusi alikuwa tayari anatoa haragwe aliweke kwenye leso. Binti akasema, “Ngoja, Mama. Gauni nitalivaa saa sita. Nyanya ana miaka mingi, na mimi sina picha hata moja niko naye.” Picha ikapata haragwe, na mwishowe ikawa na matano. Vyombo vya sauti vitatu, nguo vitatu. Magari yakapata mawili, keki moja na mapambo moja.

Baba wa bwana harusi hakupendezwa. Alikuwa amesema magari sita, na magari yamepata maharagwe mawili. Akauliza lile swali ambalo liko nyuma ya kila bajeti ya harusi: “Watu watasema nini?”

Mimi sicheki swali hilo, na ninyi viongozi wa vikundi msilicheke. Heshima ni mali. Mtu ambaye ameishi kijijini miaka 60 akichangia harusi za wenzake ana haki ya kutaka yake isiwe aibu. Nilimwuliza hivi: “Mzee, ni nani hasa ambaye hutaki akose heshima siku hiyo?” Akafikiri. Akasema ni wakwe. Wanatoka mbali, na hataki wafike na vumbi la bodaboda kama watu wasio na mwenyewe. Kumbe alichotaka si magari sita. Alitaka wakwe waletwe vizuri. Tukaandika matatu moja nzuri, ya wakwe na wazee, iende na kurudi. Mzee akaridhika, naye mwenyewe akasema maharusi wanaweza kupanda gari la binamu lililooshwa.

Mara nyingi ndivyo ilivyo. Chini ya kila kitu cha fungu la tatu kuna mtu ambaye tunataka kumheshimu. Mkimjua huyo mtu, mnaweza kupata njia nyingine ya kumheshimu isiyokula pesa ya karo.

Hesabu ya midomo

Sasa nitawapa siri ambayo kamati nyingi haiioni, kwa sababu zinagombania keki. Bajeti ya kwanza ilikuwa ya watu 500. Chakula na vinywaji 165,000, maana yake shilingi 330 kila mtu. Hema na viti 45,000, yaani 90 kila mtu. Kila mgeni mmoja anakuja na 420 kichwani kwake. Wageni 200 wakipungua, 84,000 imebaki mfukoni. Unaweza kuiondoa keki yote, kadi zote na mapambo yote, na bado usipate hiyo.

Lakini tuwe wakweli, harusi ya kijijini huwezi kuweka mtu mlangoni akague kadi. Ukifanya hivyo umeoa na kutengana na majirani siku moja. Huku kwetu jirani haalikwi, anakuja. Kwa hiyo njia si kufukuza watu. Punguzeni mialiko ya mbali, wale marafiki wa kazini wa shemeji. Fanyeni sherehe nyumbani au kwenye uwanja wa kanisa. Na rahisisheni chakula chenyewe. Mimi naona ni heri watu 350 wale muthokoi, wali, ndengu, kabeji na kipande cha nyama, washibe, kuliko watu 150 wale kuku na chapati na wengine 200 wasimame kwenye ua wakinusa pilau. Hata pale Kana divai iliisha katikati ya sherehe, na aibu hiyo bado tunaisoma kanisani.

Mnakumbuka Julai 2020, wakati wa Korona, serikali iliporuhusu harusi za watu wasiozidi 100? Wale waliofunga ndoa wakati huo, kuna mtu anayewahesabu leo kuwa wameoana nusu?

Baada ya mchana ule, bajeti iligeuka hivi. Ya kwanza ni ile ya kamati, ya pili ni ile tuliyoondoka nayo. Bei za kwenu zitakuwa tofauti, lakini angalieni vile kila kitu kilivyosogea.

Chakula na vinywaji: 165,000, ikawa 70,000
Hema na viti: 45,000, ikawa 15,000
Nguo za maharusi na wasimamizi: 70,000, ikawa 20,000
Magari: 48,000, ikawa 8,000
Picha na video: 40,000, ikawa 20,000, picha tu
Mapambo: 30,000, ikawa 3,000
Vyombo vya sauti na mwongozaji: 25,000, ikawa 6,000
Keki: 18,000, ikawa 5,000
Kadi: 8,000, zikaondolewa
Pete: 6,000, zikabaki 6,000
Kanisa na vyeti: 5,000, ikabaki 5,000
Dharura: haikuwepo, ikawa 8,000
Jumla: 460,000, ikawa 166,000

Chakula kilishuka kwa sababu watu walihesabiwa 350, fahali aliahidiwa, na mahindi na maharagwe yalikuwa ghalani. Viti 100 na sufuria kubwa zilikuwa za kikundi, na mwanachama hulipa nusu ya bei ya kukodi. Kama kikundi chenu hakijanunua viti, fikirieni. Vinaingiza pesa na vinamwokoa mwanachama siku kama hiyo. Gauni lilitoka kwa binamu, likarekebishwa na fundi wa sokoni. Wasimamizi walivaa nguo zao za Jumapili za rangi moja. Kupamba walifanya vijana wa parokia kwa maua ya boma na leso. Mialiko ilitangazwa kanisani na kutumwa kwa simu.

Fungu la kwanza, yaani pete, kanisa na vyeti, halikuguswa hata shilingi. Na pesa yake ndiyo iliyolipwa kwanza, wiki ileile, kabla ya mtu yeyote kutafuta hema. Huo ndio utaratibu: lipieni kwa kufuata mafungu. Mkianza na keki kwa sababu mwokaji anataka arabuni, mtajikuta wiki ya mwisho mnakopa nauli ya kufuata cheti.

Ile dharura ya 8,000 nilibishana nayo sana, kwa sababu kila kamati huiona kama pesa iliyolala. Angalieni vile mambo yalivyoenda.

Mama alirudi kwenye kikundi Juni akaondoa ombi lake la mkopo. Pengo lilikuwa 46,000, na mpaka siku ya kufunga hesabu, wiki tatu kabla, ahadi zilizoingia zilikuwa 53,000. Si 180,000. Kijana alikuja kunionyesha simu yake, hakusema kitu. Kikundi hakikutoa pesa. Kilitoa watu: mitungi ya maji kutoka mtoni siku mbili, mizigo ya kuni, wanawake kumi na wawili jikoni kuanzia saa tisa ya usiku.

Halafu Ijumaa jioni, mkesha wa harusi, mjomba akafika. Hakuwa na fahali. Alikuwa na mbuzi wawili na maelezo marefu. Mama alikaa kwenye kigoda akashika kichwa. Mweka hazina wa kamati akatoa ile 8,000 ya dharura, akaongeza 7,000 iliyozidi kwenye michango, vijana wawili wakatumwa na pikipiki usiku huo, wakarudi na mbuzi wengine wawili. Nyama ikakatwa vipande vidogo. Ndengu zikaongezwa. Kila mtu alikula, na waliochelewa walipata muthokoi na mchuzi. Nilimsikia mwanamume mmoja akilalamika kwamba nyama ilikuwa kidogo. Alikuwa kwenye sahani ya pili.

Tangi la Septemba lilienda kwa mama ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Mama wa bwana harusi alipata lake Machi mwaka huu, na mvua ya Aprili ilikuta mifereji imeshafungwa. Ile picha ya bibi harusi na nyanya yake iko ukutani, juu ya meza ya chakula. Nyanya ameshika mkongojo na haangalii kamera, anaangalia gauni.